Vigelegele vya Busi

Mwajabu binti Hasani alikaa miaka sita katika nyumba ya mtu aliyemuua baba yake. Alimpikia, akamfulia sare, akamkanda mabega alipotoka gwaridani, na hakuwahi kumjibu vibaya hata siku moja. Wanawake wa kambi ya askari pale Kondoa walimsifu kwa upole wake. Mwenyewe alijua kwamba haukuwa upole. Alikuwa anasubiri.

Mtu huyo aliitwa Shaaban. Siku alipofika Busi mara ya kwanza alikuwa bado ombasha, yaani koplo, ametumwa na boma la Wadachi, Wajerumani, kuchukua wanaume wa kwenda kuchimba barabara. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na ardhi ilikuwa laini. Hasani, baba yake Mwajabu, alisimama mbele ya wenzake akaongea kwa adabu, kofia mkononi.

"Bwana Ombasha, tuache tupande uwele kwanza. Tukishapanda tutakuja wenyewe, hatutakimbia. Tukienda sasa, watoto watakula nini mwakani?"

Mzee yeyote mwenye busara angeona hayo ni maneno ya haki. Lakini Shaaban alikuwa na utepe mpya mkononi na askari wapya nyuma yake, na alitaka wamwone. Aliamuru Hasani alazwe kifudifudi kwenye uwanja wa jumbe na apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kabla kiboko hakijaanza kazi, akawageukia wanawake waliokuwa wakilia pembeni.

"Serikali imewatembelea, nanyi mnalia kama msibani? Pigeni vigelegele. Kila kiboko, kigelegele. Asiyepiga atalala hapo baada ya huyu."

Mwantum, mke wa Hasani, alikataa. Askari mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki kifuani mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mara ya tatu Mwantum akafungua mdomo. Alimpigia vigelegele mume wake mwenyewe akichapwa, machozi yakimwingia kinywani, na Mwajabu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuposwa, akapiga naye. Walipiga hadi mwisho. Shaaban alikuwa anacheka.

Alipoondoka aliondoka na wanaume wenye nguvu, na Mwajabu akatwishwa sufuria za askari kichwani. Walipofika Kondoa wengine walirudishwa, yeye hakurudishwa; Shaaban alimweka nyumbani kwake akamwita mke. Habari za baba yake alizipata sokoni, kwa wanawake wa Busi walioleta chumvi: Hasani alilala kwa tumbo siku chache, mgongo ukaoza, akafa. Wakamwambia na jambo la pili. Tangu siku ile hakuna mwanamke wa Busi aliyepiga kigelegele tena. Watoto walizaliwa, mabinti waliolewa, na watu walipiga makofi tu.

Mwajabu aliyasikiliza hayo, akanunua chumvi yake, akarudi kupika.

Miaka ile Shaaban alipanda cheo akawa shaushi, yaani sajini, na boma likaletewa farasi. Nyanda za Kondoa ziko juu, mbung'o ni wachache, kwa hiyo farasi waliweza kuishi. Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi mwenye ndevu nyekundu aliyewapenda wale wanyama kuliko alivyowapenda watu, alichagua askari wepesi akawafundisha mchezo wa farasi. Walikimbia kwa safu mbili zikapishana bila kugusana. Walizunguka duara hadi vumbi likawa kama ukuta. Waliruka gogo linalowaka moto. Na mwisho wa mchezo Shaushi Shaaban, akiwa juu ya farasi wa kijivu aliyeitwa Sultani, alisimama kwa miguu miwili juu ya tandiko huku farasi akienda mbio, akachomoa upanga na kumpigia saluti Bwana Mkubwa. Hakuna mwingine aliyeweza kufanya hivyo. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwona, na yeye akawa anatembea mjini kama mtu asiyekanyaga ardhi.

Kazi ya Mwajabu ikawa kuandaa chakula cha farasi. Alitwanga mtama, akauloweka, akawapelekea mtoni walikonyweshwa maji kila asubuhi. Mchungaji wao alikuwa Mgogo mmoja kutoka Mkonze aitwaye Matonya, mtu mrefu asiyependa maneno, ambaye mashavu yake yalikuwa na alama za mijeledi. Wote wawili walifahamiana kwa kufanya kazi pamoja, wala hawakuulizana habari za nyumbani.

Kumuua Shaushi lilikuwa jambo rahisi. Alikula chakula chake kila siku. Mwajabu alilifikiria sana jambo hilo, akaliacha. Sumu ingemfanya afe kitandani mwake akiwa shaushi, azikwe kwa tarumbeta na bunduki, na Busi isione chochote. Mwajabu alitaka aanguke mchana, Busi, kwenye uwanja ule ule, mbele ya macho yale yale. Hakujua ingewezekanaje.

Kisha mwaka ambao reli ilikuwa inakaribia Dodoma, Shaushi alirudi nyumbani jioni moja akiwa na furaha, akavua kofia na kuketi.

"Unajua tunakwenda wapi baada ya mavuno?" akamuuliza. "Kwenu. Watu wa Busi wamekuwa wakaidi tena, wanatoroka kazi ya barabara. Bwana Mkubwa ana mgeni mkubwa kutoka Pwani, anataka kumwonyesha mchezo wetu, na anataka watu wako wauone watetemeke. Jumbe ameagizwa akusanye kila mtu. Wanawake watapiga vigelegele nikisimama juu ya tandiko."

Mwajabu alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini taratibu.

"Nitafurahi kuwaona watu wa kwetu," akasema.

Kesho yake mtoni, kabla hajamwaga mtama, alipiga kigelegele kimoja kirefu. Farasi walishtuka wakainua masikio. Akawamwagia chakula. Kesho kutwa akafanya vivyo hivyo, na siku zilizofuata zote. Kwanza kigelegele, kisha mtama. Akimwona farasi anasogea kabla hajapiga, alimfukuza. Wale waliokuja baada ya sauti walipata, na Sultani alipata mara mbili, tena kwenye ungo aliokuwa ameushika mkononi mwake. Haukupita mwezi, farasi walikuwa wakisikia sauti yake tu wanakuja mbio wakisukumana, hata wakiwa ng'ambo ya mto.

Askari walimcheka. Shaushi mwenyewe alipoambiwa alijisikia vizuri.

"Mke wangu siku hizi ana furaha," aliwaambia wenzake. "Miaka yote alikuwa kama jiwe. Sasa anajua ameolewa na nani."

Aliyegundua ni Matonya. Siku moja kulikuwa na harusi kambini, na wanawake walipompokea bwana harusi kwa vigelegele, farasi wote walianza kupiga mateke mlango wa banda. Sultani alivunja ubao. Matonya alihangaika kuwatuliza, na alipomaliza alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwajabu aliyekuwa akitwanga.

"Umewafundisha hawa wanyama," akasema. "Mimi niliona mwanamke anaimba kwa moyo wake. Kumbe unawafundisha."

Mwajabu aliendelea kutwanga.

"Kule tunakokwenda wanawake wataambiwa wapige vigelegele," Matonya akaendelea. "Nimesikia. Shaushi atakuwa amesimama juu ya tandiko."

"Utamwambia?"

Matonya aligusa alama za mashavuni. Kisha akaeleza, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kwamba mashavu yake yalichanwa na Shaushi kwa sababu ya hatamu iliyokatika, na kwamba kaka yake aliyekuja kumwombea msamaha alipigwa teke la mbavu, na hadi leo hawezi kuinua jembe.

"Dada," akasema, "siku ya mchezo farasi hawaendi mtoni, hula asubuhi hapo walipofungwa. Mimi ndiye ninayewalisha. Siku hiyo nitasahau."

Walifika Busi baada ya mavuno, mashamba yakiwa makavu na vilima vyekundu. Bwana Mkubwa na mgeni wake walipiga mahema chini ya kilima. Shaushi alimruhusu Mwajabu aende kumsalimu mama yake, akampa na kaniki mpya ili wajue anatunzwa.

Alimkuta Mwantum nje ya nyumba anachambua uwele. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake.

"Shikamoo, mama."

Mwantum hakuitika. Aliitazama ile kaniki, akaendelea kuchambua.

"Umekuja na farasi wake," akasema mwishowe.

Mwajabu akakaa chini vumbini, akamweleza yote kwa Kirangi, kuanzia mtoni hadi kwa Matonya. Alisema haraka, kwa sauti ya chini. Mama yake alimsikiliza bila kumkatiza.

"Na wasipokuja?" Mwantum akauliza.

"Watakuja."

"Ni wanyama, Mwajabu. Pale kuna watu wengi, kuna moto, kuna tarumbeta. Wasipokuja, mimi nitakuwa nimemshangilia mara mbili mtu aliyemuua mume wangu. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Baba yako alikuwa ananiangalia," Mwantum akasema. "Shavu lake liko mavumbini, ananiangalia mimi nikipiga. Sikumwomba radhi, kwa sababu alipoletwa ndani hakusema tena neno la maana. Usije kunitaka nifanye tena jambo lile."

Mwajabu aliinuka. Aliiacha kaniki kizingitini, akarudi kwenye mahema bila kujua kama mama yake atafungua mdomo au la. Hilo ndilo lililomtesa usiku kucha, kwa sababu sauti yake peke yake katika uwanja uliojaa kelele huenda isingetosha.

Asubuhi uwanja wa jumbe ulijaa. Wazungu waliketi kwenye viti vya turubai. Wanaume wa Busi walisimama upande mmoja, wanawake upande wa pili, na jumbe akawa anapita akiwakumbusha kwa sauti yenye hofu: "Shaushi akisimama, pigeni vigelegele. Nawaomba jamani. Msinitie matatani." Mwajabu alikaa mstari wa mbele wa wanawake, ungo wa mtama mapajani, ameufunika kwa kitambaa. Mama yake alikuwa nyuma yake. Hawakusalimiana.

Mchezo ulianza, na ulikuwa mzuri kweli. Hata watu waliokuja na chuki walijikuta wameshika pumzi safu zilipopishana. Moto uliwashwa, farasi wakauruka mmoja baada ya mwingine, na mgeni wa Pwani akapiga makofi. Matonya alikuwa amesimama kando ya uwanja, ndoo tupu mkononi, macho chini.

Kisha farasi wote wakapangwa duara, wakaanza kukimbia kuzunguka uwanja, Sultani mbele. Shaushi aliachia hatamu, akakunja magoti, akainuka. Alisimama wima juu ya tandiko, akachomoa upanga, jua likaupiga. Alipopita mbele ya wanawake alimtazama Mwajabu akatabasamu.

Mwajabu alikisukuma kitambaa pembeni, akainua ungo, akapiga kigelegele.

Ilikuwa sauti moja tu, nyembamba, katikati ya kishindo cha kwato. Sikio la Sultani liligeuka. Akapunguza mwendo, akasita, na Shaushi akatikisika lakini hakuanguka. Alikuwa stadi. Akamkemea farasi, na farasi akaanza tena kushika njia yake.

Ndipo nyuma ya Mwajabu Mwantum akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kikali kuliko tarumbeta, kikapanda na kukaa juu bila kushuka, na mwanamke wa pembeni yake akakidaka, na wa pembeni ya huyo, hadi upande mzima wa wanawake wa Busi ukawa sauti moja iliyokuwa imefungiwa miaka sita.

Farasi walivunja duara. Walikuja wote kwa pamoja, matumbo matupu, shingo mbele, wakisukumana kama mtoni. Askari walivuta hatamu, ikawa bure. Sultani aligeuka ghafla, na Shaushi aliyekuwa amesimama akaenda upande mmoja na farasi akaenda upande mwingine. Upanga uliruka. Yeye alianguka kifudifudi kwenye gogo lililokuwa bado linafuka moshi, watu wakasikia mfupa wa nyonga ukilia.

Farasi walifika kwa wanawake wakasimama. Waliinamisha vichwa na kutafuta chakula mikononi mwao, kwenye vikapu, kwenye mapaja. Sultani aliingiza pua kwenye ungo wa Mwajabu.

Mtu mmoja upande wa wanaume alicheka. Mwingine akafuata. Kisha Busi yote ikacheka, wazee wakashikana mabega, na mgeni wa Pwani naye akaficha mdomo kwa kofia yake.

Shaushi aliinuka kwa kushikilia mguu, damu puani, majivu usoni. Alikuja akichechemea, akakishika kiboko chake, na kwa kuwa Sultani ndiye aliyekuwa karibu, alimchapa usoni. Alimchapa mara ya pili jichoni. Farasi akalia kilio ambacho Mwajabu hakuwahi kukisikia, na kwa jambo hilo moja tu siku ile moyo wake ulimuuma. Kisha Shaushi akamwona yeye na ungo wake, akaelewa.

"Ni wewe."

"Ni mimi," Mwajabu akasema. "Binti Hasani. Unamkumbuka? Alilala hapo hapo ulipoangukia."

Shaushi aliinua kiboko. Wanawake walisimama wote, Mwantum mbele yao, na hakuna aliyerudi nyuma. Kabla hakijashuka, Bwana Mkubwa alikuwa amefika mbio, uso mwekundu kama ndevu zake. Hakutazama wanawake. Alikuwa anatazama jicho la farasi.

"Huyu mwanamke amewaroga!" Shaushi alipiga kelele. "Bwana, amewaroga farasi!"

Mkalimani alitafsiri, na mgeni wa Pwani alicheka waziwazi. Bwana Mkubwa akamuuliza jumbe kulikuwa na nini. Jumbe alitetemeka, lakini alisema kweli.

"Bwana, tuliagizwa wapige vigelegele. Wamepiga. Hakuna kingine kilichofanyika hapa."

Bwana Mkubwa alitoa kisu kidogo mfukoni. Alikata tepe za Shaaban mkononi mwake moja baada ya nyingine, akazidondosha vumbini, akaamuru anyang'anywe mkanda na kofia, arudi Kondoa kwa miguu nyuma ya farasi. Kwa nyonga ile safari ya siku moja na nusu ilimchukua wiki nzima. Mwajabu hakurudi naye. Hakuna aliyemuuliza.

"Umeridhika?" Mwantum alimuuliza jioni wakiwa wamekaa mlangoni.

"Hapana. Wewe?"

"Mimi pia hapana," Mwantum akasema. Lakini alikula chakula chake chote, jambo ambalo majirani walisema hawajaliona kwa muda mrefu.

Shaaban alikuja Busi mara moja zaidi, baada ya kufukuzwa jeshini, akiegemea fimbo. Alidai arudishiwe mke. Wazee walimsikiliza wakamuuliza ni nani aliyemwozesha, na mashahidi walikuwa nani, naye hakuweza kumtaja hata mmoja. Hata hivyo alikaa. Alijenga kibanda pembeni, akafikiri hofu ya zamani itamlinda. Lakini kila alipotoka nje kwenda kuchota maji, mwanamke aliyekuwa karibu alisimamisha kazi yake akampigia kigelegele, na wa nyumba ya pili akaitika, hadi anakwenda na kurudi kisimani kama bwana harusi. Alitukana, akarusha mawe, akaomba. Waliendelea. Siku moja kibanda kilikutwa kitupu.

Mwajabu aliolewa na mkulima mmoja wa Busi aliyefiwa na mke, akazaa, akapanda uwele wake. Ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu. Wadachi walikimbia Kondoa, Waingereza wakaingia, na pande zote mbili zilikamata watu kubeba mizigo. Vita ilipohama kwenda kusini, alipita mtu mrefu mwenye alama mashavuni, amekonda hadi mbavu zinahesabika, akielekea Mkonze. Alikuwa Matonya.

Mwajabu alimkalisha, akampikia. Waliulizana habari za miaka yote. Matonya alimwambia kwamba Sultani alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, akiwa na jicho moja. Kisha akasema:

"Nilikuwa na Shaaban kwenye mizigo. Alikamatwa kama sisi. Nyonga ile haikumwezesha. Tulipovuka mto wa kwanza kwenda kusini tumbo lilimkamata, hakuamka."

"Walimwacha njiani?"

"Wao walimwacha. Mimi nilibaki nyuma, nikachimba kwa sahani ya bati. Nikamzika."

Mwajabu alikuwa anainua chungu kutoka mekoni. Akakirudisha.

"Ulimzika? Wewe?"

"Alinishika mguu, dada. Akaniita ndugu yangu. Mtu akifa anazikwa."

"Fisi walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Ungewaachia," Mwajabu akasema.

Alimpa mgeni ugali na maziwa, kwa sababu alikuwa na njaa na alitoka mbali. Hakukaa kula naye. Matonya alipoaga asubuhi, Mwajabu alimfungia uwele wa njiani, akamkabidhi bila kumtazama usoni, na hakumsindikiza hata hadi mwisho wa shamba.